Yule Msichana Aliyemshika Mbwa Wako Kliniki: Ni Daktari, Nesi au Mwanafunzi?

Wiki chache zilizopita kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Uthiru liliwaka moto kwa sababu ya mbwa. Jirani mmoja alikuwa amempeleka mbwa wake kliniki, mbwa anatapika tangu jana yake, na akapokewa na msichana mdogo aliyevaa sare ya kijani. Msichana ndiye aliyempima uzito, ndiye aliyempima joto, ndiye aliyemshika wakati wa kuwekewa dripu. Daktari alitokea, akabonyezabonyeza tumbo dakika mbili, akaandika, akaenda kwa mgonjwa mwingine. "Nimelipa pesa ya daktari nikahudumiwa na mtoto wa shule," jirani alilalamika kwenye sauti ya dakika nne. Kilichomkera zaidi ni hiki: msichana alipima joto akapata 38.8, kisha akasema mbwa hana homa. "Mtu akiwa na 38.8 si yuko hospitali?"

Majibu yalimiminika. Mmoja akasema wanafunzi hujifunzia mbwa wetu kama vile vijana wa gereji wanavyojifunzia magari yetu. Mwingine akauliza kama siku hizi mbwa nao wana manesi, akaongeza vikatuni saba vya kucheka. Wa tatu akashauri jirani adai pesa zake.

Mimi nilinyamaza kwanza. Nina mpwa wangu, binti ya dada yangu, aliyemaliza atachi, yaani mafunzo ya kazini, mwaka jana katika kliniki ya mbwa na paka, na kwa miezi mitatu nilikuwa nikimsikiliza kila jioni akisimulia. Kwa hiyo najua kwamba malalamiko ya jirani yamefungana kama uzi wa kushonea uliochezewa na paka. Tuufungue polepole, na tuanze na ile 38.8.

Joto la kawaida la mbwa ni kama 38 hadi 39 na kitu. Letu sisi ni 37 au karibu na hapo. Ndiyo maana ukimshika mbwa mzima tumboni unamhisi moto, na ndiyo maana watu wengi huapa mbwa wao ana homa kumbe ni mzima kabisa. Habari ya kwamba pua kavu ni homa nayo tuiache. Mbwa akiamka usingizini pua huwa kavu, akinywa maji inalowa. Msichana wa sare ya kijani alikuwa sahihi.

Sasa jina lake. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyofikiri. Kuugua ni kuwa mgonjwa. Kuuguza ni kumtunza anayeugua. Mama anayekesha na mtoto, akimpangusa kwa kitambaa chenye maji na kumnywesha uji kijiko kimoja kimoja, anauguza. Hajatoa dawa yoyote ya maana, lakini kukicha ndiye anayejua homa ilipanda saa ngapi na mtoto alikojoa mara ngapi, na bila yeye daktari anakisia tu. Muuguzi ni mtu aliyeifanya kazi hiyo kuwa taaluma. Muuguzi wa wanyama anaifanya kwa mgonjwa asiyeweza kusema panapouma, na wakati mwingine ana meno marefu.

Katika nchi nyingine jina hilo lina miaka mingi. Uingereza walianza mpango rasmi wa kuwafunza mwaka wa 1961, ila hawakuruhusiwa kujiita manesi kwa sababu neno hilo lilikuwa limelindwa kisheria kwa wauguzi wa binadamu. Waliitwa wasaidizi wa uuguzi wa wanyama mpaka mwaka wa 1984, ndipo wakapata jina la muuguzi. Marekani huwaita mafundi sanifu. Afrika Kusini wanasomea Onderstepoort, kitivo cha udaktari wa wanyama cha Chuo Kikuu cha Pretoria, wakihitimu wanasajiliwa na baraza lile lile linalosajili madaktari wa wanyama.

Kenya mambo yako tofauti, na hapa ndipo uzi ulipofungana zaidi. Sheria yetu ya mwaka wa 2011 inazungumzia makundi mawili. Kuna madaktari wa mifugo, wenye shahada ya miaka mitano, wengi wao wamepitia Upper Kabete, Chuo Kikuu cha Nairobi. Halafu kuna wataalamu wasaidizi wa afya ya mifugo, wenye cheti, diploma au shahada ya afya ya wanyama, kwa mfano waliosomea AHITI, ile taasisi ya Kabete. Wote wanasajiliwa na bodi moja, KVB, yaani Kenya Veterinary Board. Kwa hiyo ukisikia "nesi" katika kliniki ya Kilimani au Lavington, jua mara nyingi hilo ni jina la kazi anayoifanya mle ndani. Kwenye karatasi zake ni mtaalamu msaidizi, au ni mwanafunzi anayesomea kuwa mmoja wao.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa nje hawalijui. Masomo ya afya ya wanyama nchini yalijengwa kwa ajili ya mkulima: ng'ombe, mbuzi, kuku, kuogesha mifugo kuua kupe, kukagua nyama, kupandisha ng'ombe bila fahali. Mbwa na paka wamo, lakini wako pembeni. Sasa mwanafunzi aliyezoea kumfunga ng'ombe kamba ya kichwa anatumwa atachi mjini, na mgonjwa wake wa kwanza anafika ndani ya kikapu cha plastiki, ana kilo tatu, anafoka. Mpwa wangu aliniambia: "Mjomba, ng'ombe anakupiga teke unajua limetoka wapi. Paka unashtukia damu tu."

Basi, je, huyu ni daktari aliyefeli? Ni dhana niliyoisikia mara nyingi, hata kwa shemeji yangu, baba wa huyo binti, aliyetaka mwanawe "asome zaidi kidogo awe daktari kamili". Panda matatu yoyote kutoka mjini uangalie. Konda hajafeli kuwa dereva. Anajua nani ameshuka bila kulipa, nani amesinzia na kituo chake kimepita, gari gani linakuja upande wa nyuma wakati dereva anataka kurudi kinyumenyume. Anapiga bati mara mbili, gari linaondoka. Dereva mzuri bila konda anaweza kuendesha, ndiyo, lakini atafika amechelewa, nusu ya nauli imepotea. Tofauti ni kwamba konda akishika usukani kuna shida. Kadhalika huyu: hatambui ugonjwa kwa niaba ya daktari, haamui dawa ya kuandika, hapasui tumbo. Mipaka hutofautiana nchi na nchi. Uingereza muuguzi aliyesajiliwa anaweza kushona kidonda au kufanya upasuaji mdogo akiagizwa na daktari, mradi haingii ndani ya tundu la mwili kama tumbo au kifua. Hapa kwetu mipaka imewekwa na sheria na bodi, na mmoja uko wazi: mtaalamu msaidizi hajiiti daktari wa mifugo.

Ingawa, tuseme ukweli, Nairobi sisi wateja ndio tunaogawa vyeo. Mtu akivaa koti jeupe nyuma ya kaunta ya agroveti, tayari ni "daktari", hata kama jana alikuwa anauza mbolea.

Tuje kwa mwanafunzi mwenyewe. Atachi ni kipindi ambacho chuo kinamtoa mwanafunzi darasani na kumpeleka mahali kazi inapofanyika, mara nyingi kama miezi mitatu, akiwa na barua, bima, na kitabu cha kumbukumbu anachojaza kila siku na kusainiwa na msimamizi. Mhadhiri huja kumkagua. Wenzetu wa Uingereza wamekwenda mbali: mwanafunzi wa uuguzi wa wanyama lazima afikishe saa 1,800 za kazi ya kliniki kabla ya kusajiliwa, katika kliniki iliyoidhinishwa kufunza, na awe na mkufunzi wake pale kazini anayemsimamia ujuzi mmoja baada ya mwingine. Ukizigawa kwa siku za saa nane hizo ni siku 225, karibu mwaka mzima wa kazi.

Watu huuliza kwa nini asijifunzie kwenye video na midoli. Hujifunzia huko pia. Lakini mdoli hautetemeki, haukojoi mezani kwa woga, na mwenye mdoli hasimami kando akilia.

Hofu ya jirani, kwamba mnyama wake alifanyiwa majaribio, inajibika kwa gari la shule ya udereva. Lile lenye herufi L nyekundu. Anayeshika usukani ni mwanafunzi, ni kweli, ila mwalimu aliye kando ana breki yake mguuni. Siku ya kwanza mwanafunzi hashiki chochote, anaketi kutazama. Kisha anashika usukani uwanjani, baadaye barabara za mtaa, na Thika Road anakwenda mwalimu akishaona kwamba mguu wake hautafuti breki tena. Kliniki inayofunza vizuri inafanya hivyo hivyo. Mpwa wangu wiki ya kwanza alitazama dripu zikiwekwa. Ya pili alishika mbwa. Ya nne aliweka mwenyewe, kwa mbwa mkubwa mpole mwenye mishipa kama bomba la maji, daktari akiwa amesimama begani pake. Aliruhusiwa kujaribu mara mbili tu. Akikosa mara mbili anampisha mwenye uzoefu, bila kuoneana aibu, kwa sababu mshipa ni wa mbwa na si wa mwanafunzi.

Nimetaja kushika mbwa. Hapa naomba nikae kidogo, maana ndilo jambo ambalo jirani alilidharau kuliko yote: "Kazi yake ilikuwa kushika tu."

Mtazame anavyoshika. Mbwa amekaa mezani kifudifudi. Mkono mmoja wa mshikaji umepita chini ya kidevu, umekumbatia shingo na kukivuta kichwa cha mbwa kwenye bega lake yeye, ili mbwa akigeuka kuuma akutane na bega na asifikie mkono. Mkono mwingine umepita mgongoni na kuushika mguu wa mbele nyuma ya kiwiko, ukiusukuma mbele ili mbwa asiurudishe. Kisha kidole gumba. Kidole gumba kinabonyeza juu, kwenye mkunjo wa kiwiko, halafu kinazunguka kidogo kuelekea nje, na mshipa unaopita juu ya mguu unajaa damu na kuinuka. Hapo anayechoma, baada ya kunyoa manyoya na kupangusa spiriti, ndipo anapouona. Anaingiza kanula, sindano iliyovikwa mrija laini, akiwa ameilaza, damu inachungulia kwenye kitako cha plastiki, anausukuma ule mrija, anatoa sindano. Wakati huo mshikaji lazima alegeze gumba bila kulegeza mbwa. Akichelewa, damu inamwagika mezani. Akiwahi, mshipa unalala na sindano inapita nje. Kisha plasta, zamu tatu, na kila mtu anapumua.

Kwa hiyo aliyeupata mshipa ni nani? Nusu yake ni gumba la yule msichana.

Na kuna kushika kwa aina nyingine, kwa kutoshika. Paka ukimbana kwa nguvu anageuka kuwa nyembe. Mpwa wangu alifunzwa kutandaza taulo, kumfunika paka ndani ya kikapu chake akiwa bado amekaa, kufungua kifuniko cha juu na kumwacha achunguliwe humo humo. Alisema ilimchukua mwezi mzima kuacha kuharakisha. Mwezi! Kwa jambo ambalo sisi tunaliona kama kumsubiri paka tu.

Baada ya kushika, kinachodharauliwa zaidi ni kusafisha. Hapa nina neno kwa pande zote mbili.

Wazazi wengi husikia mtoto yuko atachi anaosha vizimba wakaona ameibiwa karo. Ila chukua parvo, ule ugonjwa unaowafyeka watoto wa mbwa kwa kutapika na kuharisha damu. Kirusi chake kinakaa sakafuni miezi mingi, na sabuni ya kawaida haikiui. Jiki inakiua, lakini ukiimwaga juu ya kinyesi inaishia kupambana na uchafu na kirusi kinabaki salama chini. Lazima uoshe kwanza kwa sabuni, usuuze, ndipo umwage jiki na kuiacha ikae dakika kama kumi kabla ya kuisuuza. Halafu kuna utaratibu wa miguu yako mwenyewe: unaanza na wagonjwa wasio na maambukizi, unamalizia na chumba cha parvo, na ukishaingia humo hurudi kwa vitoto vilivyokuja chanjo ukiwa na nguo zile zile. Mtu anayeosha akilijua hilo anauguza. Kosa lake moja linaweza kupeleka ugonjwa nyumba ya mtu aliyekuja kwa chanjo tu.

Lakini sharti alijue. Kuna kliniki moja, siitaji, ambako rafiki wa mpwa wangu alikaa wiki tano akiosha vizimba na hakuna aliyemwambia hata moja ya hayo niliyoyaandika hapo juu. Alipewa ndoo na brashi. Kitabu chake cha kumbukumbu kilisainiwa kurasa zote siku ya mwisho, kwa kalamu moja, kwa dakika tano, msimamizi akiongea na simu. Mtoto yule alirudi chuoni ana ukurasa ulioandikwa "uangalizi wa mgonjwa akiwa chini ya nusukaputi", na sahihi ipo, na mgonjwa huyo hajawahi kumwona.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani dawa ya tatizo ni kuongeza saa. Saa zinahesabika kwa urahisi, na ndiyo sababu tunazipenda. Ila mwanafunzi hafunzwi na saa, anafunzwa na mtu anayepata nafasi ya kusimama naye, kumwambia "jaribu", na kumweleza alipokosea mgonjwa akishatoka. Katika kliniki yenye daktari mmoja, wateja kumi na wawili kwenye benchi na simu inayolia, mtu huyo ni adimu. Si ubaya wa daktari. Kumfunza mwanafunzi kuweka dripu kunachukua dakika ishirini, kuiweka mwenyewe kunachukua nne, na kodi ya nyumba ya kliniki haijali tofauti hiyo. Mwanafunzi akijua hivyo anaanza kujiona mzigo, anaogopa kuuliza, anashika ufagio kwa sababu ufagio haumkasirishi mtu. Mpwa wangu aliniambia siku aliyoacha kujihisi mgeni: daktari alimwita kwa jina akamuuliza, "Huyu wa kizimba cha tatu unamwonaje leo?" Ni swali dogo, lakini mtu akiulizwa anaonaje, kesho yake ataangalia.

Na atachi mara nyingi haina mshahara. Nauli ya kwenda Karen na kurudi kila siku inatoka mfukoni mwa mzazi, pamoja na chakula, gambuti, na zile nguo za kijani zenyewe. Wanaoweza kwenda kliniki nzuri ya mbali ni wale wenye shangazi anayeishi karibu nayo. Hili halizungumzwi sana.

Nusukaputi niliyoitaja inahitaji maelezo, maana kuna wenye mbwa wanaoamini mnyama akishalala ni kumkata tu na kumshona. Dawa ya usingizi hupimwa kwa kilo, ndiyo maana uzito ulikuwa kitu cha kwanza msichana kuuchukua. Kukosea kilo mbili kwa mbwa wa kilo thelathini si jambo, kwa paka wa kilo nne ni balaa. Mgonjwa akishalala, daktari macho yake yako kwenye kidonda. Mtu mwingine lazima awe na macho kwenye uhai. Huyo anakaa upande wa kichwa, anahesabu pumzi, anasikiliza moyo, anafunua mdomo kuangalia fizi. Fizi ziwe za waridi. Ukibonyeza kwa kidole zinapauka, ukiachilia rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Zikiwa nyeupe au za kijivu unasema, kwa sauti, hata kama wewe ni mwanafunzi na daktari ana miaka thelathini kazini. Anaandika kila baada ya dakika tano. Karatasi hiyo ikijaa, imejaa namba zinazofanana, na hilo ndilo jambo zuri kuliko yote linaloweza kutokea chumba kile.

Kung'atwa nako kupo, na hapa sitanii. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo, na karibu visa vyote duniani hutokana na mbwa. Kenya ilijiwekea mpango tangu 2014 wa kukimaliza ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja mbwa asilimia 70 mahali pamoja ili ugonjwa ukose pa kupita. Mpaka hapo, mwanafunzi anayekwenda atachi ya mbwa anapaswa kuwa amechanjwa yeye kwanza, kabla ya kugusa mnyama. Aking'atwa, ni maji yanayotiririka na sabuni kwenye kidonda, dakika kumi na tano kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo, chanjo au si chanjo. Waulizeni watoto wenu kama wamechanjwa. Wengi hudhani chanjo ya mbwa inatosha kwa wote wawili.

Jambo la mwisho kabla sijarudi kwa jirani ni lile ambalo chuo hakilifundishi vya kutosha. Daktari wa wanyama anaruhusiwa kukatisha mateso ya mgonjwa asiyetibika, kwa sindano, mwenye mnyama akikubali. Mwanafunzi ndiye anayeshika mguu. Gumba lile lile, mshipa ule ule. Mara ya kwanza mpwa wangu alikuwa na mbwa wa miaka kumi na nne wa mzee mmoja aliyekuja peke yake na kofia mkononi. Ilipokwisha, daktari akaenda kuandika, na yeye akabaki na mzee, hajui kama aseme pole au amwache. Alimletea kiti. Jioni ile hakusimulia, alikula akaenda kulala. Nilikuja kuyajua wiki mbili baadaye.

Jirani nilimjibu hatimaye, si kwenye kundi, nilimpitia nyumbani. Nilimwambia ana haki ya kuuliza tangu mlangoni: nani daktari wa zamu, amesajiliwa na KVB, huyu anayemhudumia ni nani, na kama ni mwanafunzi nani anamsimamia. Kliniki yenye nia njema inajibu bila kununa. Anaweza pia kukataa mwanafunzi asimchome mbwa wake. Ni mbwa wake. Ila zile dakika mbili za daktari hazikuwa mbili. Kabla ya kugusa tumbo alikuwa amesoma karatasi iliyojazwa na msichana: uzito, joto, mapigo, fizi, ametapika mara ngapi na rangi gani. Nusu saa ya kazi ilikuwa imeshafanyika jirani akiwa anacheza na simu.

"Sasa kama anaandika tu," jirani akasema, "si hata mimi ningeandika?"

Nikamsimulia habari ya paka. Mpwa wangu alikuwa mwezi wa tatu wa atachi, zamu ya asubuhi, kabla daktari hajafika. Kulikuwa na paka dume aliyeachwa pale na wenyewe waliosafiri, mzima, hana ugonjwa. Alikuwa amekula kidogo, amejikunja, kimya. Mtu yeyote angempita. Yeye aliinua kisanduku cha mchanga ili akibadilishe, akaona hakina bonge hata moja. Alipokiweka chini, paka akaingia, akachuchumaa muda mrefu, akatoka. Mchanga bado mkavu. Paka dume anaweza kuziba njia ya mkojo, na akiziba, siku mbili zinaweza kutosha kumuua. Alimpigia simu daktari, aliyekuwa bado njiani, amekwama Waiyaki Way. Daktari akamwambia atayarishe meza, na alipofika walimzibua paka kabla ya saa tatu.

Nimekiona kitabu chake cha kumbukumbu. Siku hiyo ameandika mstari mmoja: "Paka dume, amekaa siku ya 2. Mchanga mkavu. Daktari ameambiwa saa 1.15 asubuhi." Pa sahihi ya msimamizi, kando yake, palikuwa bado pako wazi.